Mkoba Uliompa Rozalia

Mama,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana jana tu nilikuwa hapo kwako nang'oa magugu yaliyoanza kuota juu yako. Na kwa kuwa kusoma hukujua, barua hii nikishaimaliza nitakuja nayo nikusomee mwenyewe. Watu wa Mwera wakipita wakaniona nasema peke yangu makaburini, wakadai Mwanajuma kashikwa na wazimu, waache wadai. Wamesema mengi tangu uondoke.

Hitma ya arobaini tumeisoma. Walikuja mpaka jamaa wa Pangani mjini, na wali ulitosha. Yule kuku wako mwekundu ametotoa. Mpapai wa kando ya jiko, ule ulioupanda nilipoolewa, umebeba mpaka tumeuegemeza na mti usivunjike. Hizo ndizo habari njema, nimezitanguliza kwa heshima yako. Sasa nisikilize, maana nina neno na wewe, na nimelibeba tangu ungali hai.

Kwa nini ulimpa Rozalia mkoba?

Nimeliandika swali lenyewe, na bado roho inaniuma kama siku ile. Mimi ndiye uliyenizaa. Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia bakuli tangu sijaota meno ya pili, wagonjwa wamekaa kwenye mkeka uani, wewe unakata papai kwa kile kisu cha mwanzi na kuwalisha mmoja mmoja. Kila mtu alijua siku moja mkoba ule wa dawa utanijia mimi. Mimi nilijua kuliko wote.

Nilipokwenda kuolewa Tanga, kule Nguvumali, niliondoka na uhakika huo. Mume akinichosha nilijiambia, haidhuru, kwetu kuna kazi inanisubiri. Basi mume akanichosha kweli, akaniandikia talaka, nikarudi na sanduku langu la bati kichwani. Na nini kilinipokea? Mwanamke mgeni uani kwetu, amekalia mbuzi yangu, anakuna nazi. Mbuzi yangu, Mama! Ile aliyonichongea babu, yenye mguu mmoja mfupi, ambayo mtu asiyeizoea hupinduka nayo. Yeye hakupinduka. Aliinuka, akanipokea sanduku, akaniambia, "Karibu, dada." Yaani mimi nikakaribishwa kwetu.

Ukatoka ndani ukifuta mikono, ukanikumbatia, ukalia kidogo. Kisha ukageuka ukamwambia yeye, "Mwanangu, hebu mtilie maji dada yako akaoge."

Mwanangu. Nilikwenda kuoga lakini maji sikuyasikia mwilini. Nilikuwa nalisikia neno hilo tu.

Baadaye ukanieleza. Rozalia ni mke wa mkata mkonge, Mnyamwezi, mtu wa manamba kule kambini. Mumewe alijikata mguu kwa kisu cha kazi, kidonda kikaoza, yeye mke akamleta kwako amemwegemeza begani njia nzima. Ukamponya. Mume akarudi kazini, mke akabaki anakuja kukushukuru. Kushukuru gani kusikokwisha? Asubuhi yupo, mchana yupo, jioni ndiyo anarudi kambini kulala. Ana msalaba wake shingoni, na Jumapili huenda kwao kusali kisha huja moja kwa moja kukutekea maji. Watu walidhani namchukia kwa dini yake. Wapi! Ningemchukia hata kama angekuwa amehifadhi Kurani nzima.

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa hodari. Alikuwa anashika. Ukimwambia neno mara moja, kesho analifanya. Uliniambia hivyo mwenyewe, tena kwa kujisifu, kama mtu anayeonyesha kanga mpya: "Huyu mtoto ana mkono mwepesi, Mwanajuma." Nilisema alhamdulillahi.

Kisha ukaja mguu wangu.

Nilipita shamba la mkonge kutafuta kuni, mwiba ukanichoma kwenye muundi. Nikauchomoa, nikaufuta, nikasahau. Haikupita muda muundi ukavimba, ngozi ikapasuka, na pale palipokuwa na tundu dogo pakawa na donda. Likawa linakula pembeni, linatoa maji, lina harufu. Donda ndugu, walisema, na wakasogeza vigoda vyao mbali nami.

Na wewe, Mama, mwanamke uliyefunga vidonda vya nusu ya kambi, ulikaa ukaniangalia mguu mikono imelala mapajani. Nilijua kwa nini. Mkono wa mwenye mkoba hauponyi damu yake. Bibi alikwambia hivyo, na wewe uliniambia mimi nikiwa mdogo: mama hamlishi mwanawe dawa hii, wala mwenye mkoba hajilishi mwenyewe, lazima uwe mkono wa nje. Hilo sikugombana nalo. Nilidhani utatuma mtu kwa yule bibi wa Kigombe mnayejuana naye, aje anilishe, aende zake. Na mguu ukipona, siku yangu itafika.

Hukumwita bibi wa Kigombe. Ulimwita Rozalia.

Nilikuwa kwenye kitanda cha kamba barazani, nikaona kila kitu. Ulimnawisha mikono katika bakuli lako la shaba. Ulimvika mkoba begani, ule mkoba wa ukindu uliopauka, wenye kisu cha mwanzi na kibao chake na si kitu kingine. Ukamwambia maneno ambayo nayajua kwa sababu nilitegemea kuambiwa mimi: "Ukiupokea, wangu mkono umekwisha. Kidonda chako cha kwanza ni cha Mwanajuma. Mpaka kifunge, humgusi mwingine. Kisipofunga, mkoba hukupewa."

Nilifunika uso kwa kanga. Nilisema jua linanichoma, na pale barazani hakuna jua.

Mama, wewe ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Hata kuku ulimfukuza kwa kupunga mkono. Wageni walikuwa wakikuinamia ili wakusikie, na mimi utoto wangu wote nimeishi na sikio karibu na mdomo wako. Lakini ulipoanza kumfundisha Rozalia, ukapaza sauti! Mlikaa nyuma ya ua wa makuti, upande wa jikoni, na mimi huku barazani na mguu wangu, na kila neno likanifikia kana kwamba ninyi mko kitandani pamoja nami. Nikaona sasa hii ni makusudi. Haitoshi kunipokonya, sharti nisikie napokonywa.

Nilisikia yote. Kwamba papai la dawa ni lile lililokomaa likapiga rangi upande mmoja tu, upande wa pili likiwa bado na maziwa. Lichumwe asubuhi, lichanjwe ganda, na kama maziwa hayatoki kwa haraka, hilo ni la kula watoto. Kwamba mgonjwa ale kabla hajatia kitu tumboni, atafune polepole mpaka liwe uji mdomoni, na mbegu chache juu yake. Mchana atafune ule moyo mgumu wa nanasi ambao watu huutupa. Kwamba papai halipikwi, halitiwi maji ya moto, na chai isubiri, maana moto huua nguvu yake na likishapikwa linabaki mboga.

Ulimwambia hata ile hadithi ya nyama, niliyodhani ni yangu. Kwamba bibi aliona namna papai bichi linavyolainisha nyama ya ng'ombe mzee, akawaza, kama linajua kuila nyama iliyokufa, basi mwilini litatafuta iliyokufa liile, na iliyo hai iachiwe nafasi ikue. "Nje tunaosha," ulisema, "lakini kidonda kinashonwa kutoka ndani. Kinachoingia mdomoni ndicho kinachofika." Uliyasema hayo kwa sauti ya mwadhini. Nilitamani kukutupia kiatu.

Nilijikaza, lakini kijicho hakifichiki. Yeye akiniletea sahani asubuhi, nageukia ukutani. Wewe ukanibembeleza, ukanikaripia, ukanuna. Nikakwambia sina hamu. Ukasema, "Mwanajuma, nnakwambia kula." Hiyo ndiyo ikawa kauli ya mwisho uliyoniambia ya maana, kwa sababu siku ile baada ya sala ya adhuhuri ulijilaza kidogo upunguze uchovu, na Rozalia alipokuja kukuamsha hukuamka.

Hata hilo nimelionea wivu. Kwamba yeye ndiye aliyekukuta.

Na msibani je? Mimi nilikuwa sijiwezi, nimeegemea nguzo, machozi yamegoma kutoka. Yeye akalia mpaka akashikwa. Wanawake wakanong'onezana, nikawasikia, "Masikini, huyu ndiye aliyempenda." Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mtu mwingine analia kwa ndani, lakini mguu ule ungenisimamisha vipi.

Sasa nikuambie kilichotokea ulipokwisha kuondoka, ambacho ndicho ninachokuandikia.

Rozalia hakuacha kuja. Matanga yameanuliwa, wageni wamekwenda, yeye kila asubuhi yuko mlangoni kwangu na sahani. "Shikamoo dada, dawa yako." Ananiamkia shikamoo na mimi simzidi sana umri. Anaweka sahani, anaondoka kwenda kufagia. Akipinda tu, mimi nawamwagia kuku. Yule mwekundu alinenepa, manyoya yakawa yanang'aa. Huenda ndiyo maana ametotoa vizuri.

Usidhani sikujua ninachofanya. Nilijua sana. Ulisema mwenyewe, kidonda kisipofunga, mkoba haukutolewa. Basi mkoba ulikuwa mikononi mwangu, Mama, au tuseme mguuni mwangu. Nikipona, ni wake. Nisipopona, si wake, na hakuna wa kunilaumu, maana nani atamlaumu mgonjwa kwa kutopona? Nililitazama donda langu kila asubuhi nikaona bado liko wazi, na kuna sehemu ndani yangu ikasema, vizuri. Nilikuwa tayari kuoza ili Rozalia asiwe kitu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika, na sitaki kukuficha, kwani si wewe uliyenifikisha?

Nilikwenda kwa dresa wa hospitali ya shamba. Nilipelekwa kwa baiskeli. Akaosha, akanichoma sindano, akaniambia nirudi tena na tena mpaka zitimie, na kama haliendi itabidi nipelekwe Tanga, na huko huenda wakaukata. Aliponiuliza nakula nini nikamwambia nyumbani wanaleta papai ila sili. Akacheka. Akasema Wazungu wananunua maziwa ya papai yaliyokaushwa, huko kwao wanayatia hata katika vidonge, na mimi nalipata bure nalikataa. "Njoo nikuchome, na papai ule," alisema. "Vyote viwili havigombani." Nikarudi nyumbani, na kesho yake kuku wakala tena.

Kilichonigeuza hakikuwa mguu. Lilikuwa ni jambo la mchana mmoja, nimekaa barazani. Alikuja mkata mkonge kijana, kiganja kimepasuka, amekifunga kwa tambara. Alikuwa amesikia kwamba kwa Bi Mwanahawa vidonda vinapona. Hakuwa na habari kwamba umekufa. Rozalia akatoka jikoni, mkoba begani, akaangalia kile kiganja, na nikamwona vidole vinamwasha kukigusa. Akarudisha mikono nyuma. Akamwambia, "Kaka, siwezi. Wangu wa kwanza hajapona. Nenda kwa dresa." Yule kijana akasema kwa dresa ametoka, kidonda kimefungwa, ila kwao walimwambia pia aje ale dawa ya huyu mama. Akasimama kidogo, labda akidhani Rozalia atabadili nia. Kisha akaondoka, kile kiganja amekishika mbele yake.

Rozalia hakunitazama. Kama angenitazama ningemtukana. Aliketi chini ya mpapai wako, akauweka mkoba mapajani, akawa anapitisha kidole kwenye ukindu uliofumuka. Akasema, bila kunielekea, "Mama angemlisha."

Na ni kweli. Ungemlisha. Hujapata kumrudisha mtu uani kwetu, hata yule askari uliyekuwa humpendi. Nikaona yule kijana anapinda njia ya mnazi uliolala, na mgongo wake ukanishinda. Nikawaza, sasa nyumba ya mama yangu inafukuza wagonjwa, na anayewafukuza si Rozalia.

Asubuhi iliyofuata alipoleta sahani, kuku walikusanyika kama kawaida yao. Nikawaambia kishi. Nikala. Nilikula kwa ajili ya kiganja cha mtu nisiyemjua jina, si kwa ajili yake, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Sawa, dada. Tafuna polepole."

Lilikuwa chungu kidogo upande wa maziwa na tamu upande wa pili. Ulimi ukaniwasha. Nikakumbuka mkono wako ukiwalisha watu, na mimi peke yangu katika Mwera nzima sikupata kulishwa na mkono huo, kwa kuwa ni mwanao. Ndipo machozi yaliyogoma msibani yakaja, na yeye akashika sahani akangoja nimalize.

Basi mguu ukapona, Mama. Sindano au papai, sijui, wala sigombani na dresa, nilizimaliza sindano zake zote. Ila niliona kwa macho yangu ile nyama nyeusi inalegea na kuachia, na chini yake nyama nyekundu inakuja taratibu, na pembeni ngozi inaingia ndani kidogo kila nikiitazama. Harufu ikaondoka. Nikaanza kukanyaga. Siku kidonda kilipofunga, Rozalia alipiga goti akakigusa kovu, akajifanyia ishara yake ya msalaba, akasema, "Sasa ni wangu." Mkoba alikuwa anausemea. Nikamwambia hongera. Nadhani lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyopata kuyatoa kinywani, talaka haikunipa taabu vile.

Wakaanza kuja tena. Mkeka ukatandikwa. Yule kijana wa kiganja alirudi pia, akalishwa, mimi nikiwa nimekaa barazani na mguu mzima usio na kazi, naangalia mwanamke mwingine akiwa wewe.

Nilidhani barua yangu itaishia hapo, na ningekuja kukusomea malalamiko matupu. Lakini juzi kumetokea jambo.

Rozalia alikuwa anapasua nazi kwa panga. Panga likateleza, likamkata mkono wa kushoto, hapa chini ya kidole gumba, pakawa wazi. Tukamfunga, tukampeleka kwa dresa, akashonwa. Kesho yake asubuhi nikamkuta kwenye mkeka, pale wanapokaa wagonjwa. Mkoba ameuvua. Ameuweka upande wangu.

"Dada," alisema, "mimi siwezi kujilisha."

Nikamwambia aite bibi wa Kigombe. Akasema bibi wa Kigombe haoni tena, tangu wewe ungali hai. Nikamwambia mimi sikufundishwa, mama hakunifundisha mimi, alikufundisha wewe, kila mtu shahidi. Nililitoa hilo kwa ukali, lilikuwa limekaa kooni muda mrefu. Yeye akaupakata ule mkono uliovimba, jasho linamtoka usoni.

Nikaenda mpapaini. Nakuapia nilikwenda ili niondoke mbele yake tu. Lakini nilipofika, macho yangu yakatafuta lililopiga rangi upande mmoja. Mkono ukalichuma. Nikalichanja ganda kwa ukucha, maziwa yakatoka haraka. Nikarudi, nikatoa kisu cha mwanzi mkobani, nikakata, nikapanga mbegu chache juu. Alikuwa na kikombe cha chai ya moto pembeni, nikakisogeza mbali nikasema, "Chai isubiri." Nikachukua kipande cha kwanza nikakipeleka mdomoni mwake.

Kikiwa kimekaribia, nikasimama. Sikujua kwa nini nimesimama, kisha nikasikia mdomo wangu unauliza, "Mwezi huu umeiona damu yako?"

Akafumbua macho. Akafikiri. Akasema hajaiona, wala mwezi uliopita, ila kwa misiba na kazi hakulitia maanani. Nikakirudisha kipande sahani. Nikaondoa papai lote, na moyo wa nanasi uliowekwa kwa mchana nikautupa, maana mwenye mimba haguswi na lenye maziwa, litamtoa mtoto. Nikatafuta papai lililoiva kabisa, laini, lisilo na tone la maziwa, nikalitoa mbegu zote, nikamlisha hilo. Halina nguvu kama lile, kidonda kitachelewa, lakini kitafunga, na mtoto atabaki.

Rozalia akala mpaka mwisho. Machozi yanamtiririka, sijui ya mkono au ya nini, maana tangu aolewe anaomba mtoto. Kisha akanitazama, akaniuliza, "Mama alikufundisha lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba hukunifundisha kamwe. Lakini macho yangu yalikuwa yamekwenda kwenye ua wa makuti, pale mlipokuwa mkikaa, na kutoka pale yakaja mpaka barazani, kwenye kitanda changu cha kamba. Ni hatua chache, Mama. Lakini mtu wa sauti ndogo akisema pale, barazani hasikiki. Itabidi apaze.

"Mwanamke yeyote, muulize kwanza damu yake!" Ulilirudia hilo mara ngapi? Nilidhani unanichoma. Nilidhani Rozalia hashiki na ndiyo maana unarudia. Lakini wewe mwenyewe ulisema anashika kwa mara moja. Na Rozalia si kiziwi, Mama, hajapata kuwa kiziwi.

Ulijua sitakuja kukaa mkekani nifundishwe pamoja naye. Unanijua. Ulijua mkoba ni mmoja, na kwamba usipompa yeye mguu wangu utakatwa, maana mkono wako usingeniponya. Na ulijua mtoto wako, akiona wivu, hasahau hata neno. Ukautumia wivu wangu, ukanilisha kwa mbali, na hukunidokezea hata mara moja kwamba ninakula.

Sijui nicheke au nikukasirikie. Nimefanya vyote viwili tangu jana.

Nakuahidi hili. Nitamlisha Rozalia kila asubuhi mpaka mkono wake ufunge. Mkoba ukirudi begani kwake nitautazama bila kufunika uso, au nitajaribu. Akizaa, yeye na mtoto hawatakosa mkono wa nje, kwa sababu nipo, na mimi damu yao siyo. Na kama mtoto huyo atakuwa wa kununa barazani, tutasema kwa sauti kubwa jikoni.

Lala salama, Mama. Kesho asubuhi nitakuja kukusomea, nikishamlisha. Kwa mengine yote nimekuelewa, na nimeridhika, na Mungu akulaze pema.

Ila lile neno "mwanangu" ulilokuwa ukimwita yeye, hilo moja ungelisema kwa sauti ndogo.

Mwanao,
Mwanajuma